Watu wa Lamu waulizwe kabla ya gati la nne kujengwa

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wa Lamu tuliijua methali hii kwa vitendo kabla ya kuisoma vitabuni, kwani mji wetu umeishi na wageni tangu kale. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazi, yakarudi na za kusi. Yalileta tende, mazulia na masanduku, yakaondoka na boriti za mikoko. Mgeni alipata chake, na mwenyeji akapata chake. Ndiyo sababu mgeni mkubwa kuliko wote alipobisha hodi, yaani bandari mpya ya Magogoni, wengi wetu hatukumwuliza amekuja na nini. Tulimfungulia mlango tu.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofungua mlango huo. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, akiwa pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, alizindua ujenzi wa bandari hiyo na mradi mzima unaojulikana kama LAPSSET. Nilipiga makofi kama wenzangu. Wakati huo nilikuwa mwalimu, na kila mwaka niliwaona wanafunzi wangu wakimaliza shule na kurudi kukaa barazani bila ya kazi. Nilijiambia kwamba sasa mambo yatabadilika.

Kwa hivyo, ninayoyaandika leo siyaandiki kama mtu asiye na lawama. Kosa letu halikuwa kuikaribisha bandari, wala kosa la serikali halikuwa kuijenga. Kosa lilikuwa kuanza kuzipima athari zake baada ya kazi kuanza, wakati ambapo mwenyeji hana tena nafasi ya kukubali wala kukataa, na kilichobaki mikononi mwake ni kudai fidia. Na maadamu magati yaliyojengwa ni matatu tu, ilhali yaliyopangwa ni 32, kosa hilo bado lina dawa. Dawa yenyewe ni kuwauliza watu wa Lamu kabla ya gati la nne kujengwa.

Haki na isemwe kwanza. Bandari hii haikuja na hasara tupu. Wasomaji waliosafiri kuja Lamu miaka ya nyuma watakumbuka ile barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu hadi Mokowe. Mvua za masika zikishuka, basi lilikwama matopeni na abiria wakalala njiani. Akina mama wajawazito waliokuwa wakikimbizwa Malindi au Mombasa walikabiliwa na hatari mbili, ile ya uzazi na ile ya safari. Leo barabara hiyo ina lami, na hakuna anayeweza kunishawishi kwamba lami ingetufikia upesi hivyo lau si bandari. Serikali nyingi zilipita, na kila moja ilituachia tope lile lile.

Aidha, wako vijana waliopata riziki. Mpwa wangu mmoja ni kati yao. Siku moja nilipokuwa nikilalamika mbele yake juu ya hali ya uvuvi, alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza, kisha akaniambia, "Mjomba, wewe una pensheni yako kila mwezi. Mimi nina mikono yangu tu. Ukinifungia bandari, utanionyesha mlango gani mwingine?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata jibu la kumtosha. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba ingekuwa heri bandari isingekuja kabisa. Kauli hiyo ni rahisi kwa mtu aliyekwisha kula na kushiba.

Lakini wiki hiyo hiyo nilikutana na mzee mmoja mvuvi, mtu niliyemfahamu tangu utotoni, akiparaza chombo chake ufukweni. Nilimwuliza habari za bahari. Aliniambia, "Mwalimu, pale nilipokuwa nikitega dema sasa pamechimbwa, na meli zinapita. Natafuta samaki mbali, na petroli inakula nusu ya ninachopata." Hakuwa akiomba sadaka, wala hakumtukana mtu. Alikuwa akinieleza hesabu ya kazi yake.

Msomaji asiyeijua Lamu huenda akajiuliza: bahari ni kubwa, kwa nini mvuvi asihamie upande mwingine? Swali hili nimelisikia hata kwa viongozi. Jibu ni kwamba kwa mvuvi wetu bahari si maji tu. Wengi wa wavuvi hawa wana mitumbwi, mashua na madau madogo, na wengine hawana mashine. Wanavua katika mikono ya bahari iliyokingwa na visiwa, penye mikoko na matumbawe, kwa sababu hapo ndipo samaki huzaliana na ndipo chombo kidogo huweza kustahimili mawimbi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ukichimba mkondo ili meli kubwa ipite, tope hutibuka na kuyafunika matumbawe, na yale maji tulivu huwa njia ya vyombo vikubwa. Kumwambia mtu wa mtumbwi aende bahari kuu ni sawa na kumwambia mkulima wa jembe ahamie jangwani kwa sababu huko ardhi ni tele.

Isitoshe, mvuvi ana shida nyingine ambayo mkulima hana. Wakulima wa Kililana, ambao mashamba yao yalichukuliwa kwa ajili ya bandari, walikuwa na mipaka, minazi na mikorosho ya kuhesabiwa, na majirani wa kutoa ushahidi. Walilipwa fidia, ingawa baada ya vuta nikuvute. Mvuvi hana hati ya kumiliki bahari. Babu yake alivua pale, baba yake akavua pale, lakini hakuna karatasi inayosema hivyo. Alipofika mbele ya maofisa hakuwa na kitu cha kuonyesha ila mikono yake yenye sugu za kamba.

Ndipo wenyeji walipokwenda mahakamani. Kesi ilianza mwaka 2012, na hukumu ikatolewa na Mahakama Kuu mjini Malindi mwishoni mwa Aprili 2018. Majaji walisema wazi kwamba haki za wakazi zilikiukwa: haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari, haki ya utamaduni, na haki ya wavuvi ya kuyafikia maeneo yao ya jadi. Walisema pia kwamba mradi mkubwa kama LAPSSET ulipaswa kufanyiwa tathmini pana ya mazingira kabla ya utekelezaji wake kuanza. Wavuvi wapatao 4,600 waliamriwa walipwe takriban Sh1.76 bilioni.

Tulishangilia hukumu ile, na ilistahili kushangiliwa. Lakini hebu tuitazame kwa makini, maana ina funzo chungu ndani yake. Kesi ilichukua miaka sita. Katika miaka hiyo uchimbaji uliendelea. Baada ya hukumu kukawa na rufaa, kisha mazungumzo nje ya mahakama, hata ikaafikiwa kwamba asilimia 65 ya fidia itolewe kwa fedha taslimu na asilimia 35 kwa vifaa na miradi ya uvuvi. Meli za kwanza zilipotia nanga Magogoni mnamo Mei 20, 2021, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, ilikuwa imepita miaka mitatu tangu hukumu, na wavuvi walikuwa bado wakidai. Basi, hata pale sheria iliposimama upande wa mnyonge, bandari ilifika kabla ya fidia.

Tena, fidia yenyewe huwahesabu watu wanaohesabika kwa urahisi. Hukumu iliwataja wavuvi. Lakini samaki mmoja wa Lamu hupita mikono mingi kabla ya kufika sahanini. Kuna fundi wa Matondoni anayeunda chombo, kuna anayeshona tanga, kuna mchukuzi na punda wake, kuna mama anayenunua samaki ufukweni, akawakaanga na kuwauza jioni ili mtoto wake apate karo. Samaki wakipungua, mama huyu naye hupungukiwa. Nani aliyemhesabu? Mambo ya namna hii hugunduliwa mradi unapojadiliwa kabla ya kuanza, watu wakiwa wameketi pamoja na kuulizana nani anaishi kwa nini. Baada ya kuanza, kila mtu hukimbilia orodha, na asiyekuwa na wa kumwandikisha huachwa nje.

Sasa nitatoa mfano wa pili, nao unatoka katika kaunti hii hii, ili nisionekane kwamba nasema mambo ya nadharia. Katika miaka iyo hiyo ulikuja mpango wa kujenga kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe huko Kwasasi, chenye uwezo wa megawati 1,050. Halmashauri ya kitaifa ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Safari hii wakazi walikuwa wamekwisha kuumwa na nyoka. Hawakungoja mtambo usimame. Walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na mnamo Juni 26, 2019 jopo hilo likaifuta leseni, likieleza kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba tathmini ilikuwa na kasoro.

Hebu na tulinganishe. Katika suala la bandari, upimaji ulifanywa baadaye, na matokeo yake ni miaka mingi ya kesi, mabilioni ya fidia kutoka katika kodi na ada za Wakenya wote, na wavuvi waliopoteza maeneo yao kwa kudumu. Katika suala la makaa ya mawe, upimaji ulidaiwa kabla, na hakuna mvuvi aliyefukuzwa wala shilingi ya fidia ya bahari iliyotakiwa. Jopo halikusema kwamba Lamu isipate umeme. Lilisema kwamba anayetaka kujenga aanze upya, na awaulize watu. Miradi miwili, kaunti moja, sheria ile ile. Tofauti ilikuwa ni wakati wa kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba watu 143,920, ambao ndio waliohesabiwa katika kaunti nzima mwaka 2019, hawawezi kuzuia maendeleo ya taifa lenye mamilioni ya watu. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Bandari ni ya Wakenya wote. Turkana, Isiolo na Garissa wamengojea njia ya kuelekea baharini kwa muda mrefu kuliko sisi tulivyongojea lami. Lakini kuulizwa si kuzuia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haikusema kwamba haki hiyo ni ya kaunti zenye wapigakura wengi tu. Na zaidi ya hayo, taifa lenyewe limekula hasara kwa kutouliza, kama tulivyoona.

Wengine watasema kwamba mikutano ilifanyika. Kweli, mikutano ilikuwapo. Mimi mwenyewe nilihudhuria baadhi yake. Mgeni rasmi alichelewa, hotuba zikasomwa, michoro yenye rangi nzuri ikaonyeshwa, nasi tukapewa soda. Aliyeuliza swali gumu aliambiwa kwamba wataalamu wanalishughulikia. Ripoti zilikuwa nene, tena kwa Kiingereza cha wahandisi. Je, mzee wa Kizingitini ambaye hajui ila bahari yake na Kurani yake alishirikishwa kwa namna gani? Kumpasha mtu habari ya jambo lililokwisha kuamuliwa si kumshirikisha.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisisitize upimaji wa mapema, nalo ni kwamba faida tulizoahidiwa hazimo mikononi mwetu, ilhali hasara zimo. Mwaka 2012 tuliambiwa kwamba mafuta ya Sudan Kusini yatapita hapa, mizigo ya Ethiopia itapita hapa, na reli itafika hapa. Desemba 2013 Sudan Kusini ikaingia vitani. Mwaka 2016 Uganda, ambayo mafuta yake nayo yalitarajiwa kupita kaskazini mwa Kenya, ikaamua bomba lake lielekee Tanga. Ethiopia iliendelea kuitegemea Djibouti. Ndiyo maana katika miaka ya mwanzo meli zilizofika Magogoni zilikuwa za kuhesabika, kabla ya shughuli kuanza kuongezeka katika siku za hivi karibuni. Sisemi kwamba ni kosa la mtu. Mambo ya dunia hubadilika. Lakini mkondo uliochimbwa haukurudishwa, na matumbawe yaliyofunikwa hayakufunuliwa.

Wenzetu wa Mombasa wanaweza kutusimulia zaidi. Wao wana bandari tangu zamani, wala hakuna aliyedhani kwamba kazi zake zingeweza kuhama. Reli mpya ilipoanza kazi mwaka 2017, na makontena yakaelekezwa moja kwa moja bara, madereva wa malori, wenye mabohari na mawakala wa forodha walijikuta hawana kazi. Waliandamana mitaani mwaka 2019. Haikuwa mpaka Septemba 2022 ndipo serikali iliporudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Ikiwa mji mkubwa kama Mombasa uliweza kupokonywa riziki kwa uamuzi wa mbali, Lamu itajilinda vipi isipokuwa kwa makubaliano yaliyoandikwa mapema?

Fauka ya hayo kuna suala la ardhi. Pindi habari za bandari zilipoenea, ekari ambazo hakuna aliyezijali ziligeuka dhahabu. Julai 2014 Rais Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za kampuni 22 zilizokuwa zimejipatia takriban ekari 500,000 katika kaunti hii. Fikiria, msomaji: ekari nusu milioni zilipata wenyewe, ilhali wenyeji wengi waliozaliwa na kuzikwa katika ardhi hiyo hawana hata kipande cha karatasi. Hapo pia hatua ilichukuliwa baada ya mali kutoka. Na gati la nne likitangazwa kesho bila ya ardhi ya wenyeji kupimwa na kuandikishwa kwanza, mchezo ule ule utachezwa upya na wachezaji wapya.

Mwisho katika orodha hii ni mji wenyewe. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vichochoro vyake ni vya miguu ya watu na punda. Maji yake matamu hutoka katika visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga ambavyo huyahifadhi maji ya mvua. Vilima hivyo havikui kwa sababu idadi ya watu imekua. Mipango ya LAPSSET inataja magati 32, viwanda na mji wa mapumziko. Maelfu ya watu watakuja kutafuta kazi, nao wana haki ya kuja, maana Mkenya ni Mkenya popote alipo. Sisi wenyewe ni wazao wa wageni. Lakini watakunywa nini? Taka zao zitakwenda wapi? Mahakama ya Malindi iliamuru urithi wa kisiwa hiki utungiwe mpango wa kuuhifadhi. Mpango wa namna hiyo hauna maana ukifika baada ya kisima kutiwa chumvi.

Basi napendekeza mambo manne, wala si mageni kwa mtu yeyote mwenye nia njema.

Kwanza, deni la zamani lilipwe lote kabla ya deni jipya kuanzishwa. Ahadi ni deni. Pasiwe na gati la nne hadi mvuvi wa mwisho katika orodha ya mahakama awe amepata haki yake kamili, fedha na vifaa vyote viwili, na hesabu zitangazwe hadharani kijiji kwa kijiji.

Pili, tathmini ya athari ifanywe kabla ya zabuni kutolewa, iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na isomwe katika baraza za Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Matondoni, Kipungani, Mokowe na Hindi, si katika ukumbi mmoja wa hoteli. Wavuvi waende na maofisa kwa vyombo, waonyeshe kwa mikono yao mahali samaki huzaliana, na mahali hapo pachorwe kwenye ramani. Ramani hiyo ndiyo itakayokuwa hati ya bahari ambayo mvuvi hakuwa nayo mwaka 2012.

Tatu, ahadi za kazi ziandikwe kwa nambari. Tunaambiwa kila mara kwamba wenyeji watapewa kipaumbele. Kipaumbele hakihesabiki. Isemwe ni nafasi ngapi, za kazi gani, kwa mafunzo ya muda gani, na kila mwaka itangazwe ni ngapi zimetimizwa. Mpwa wangu anastahili kujua kama atakuwa mlinzi wa lango hadi uzeeni, au kama ipo siku ataendesha ile winchi anayoitazama kila asubuhi.

Nne, ardhi ya wenyeji ipimwe na kuandikishwa, na visima vya Shela vilindwe kisheria, kabla ya mji wa mapumziko kutajwa tena katika hotuba yoyote.

Lakini sitatenda haki nikiielekeza lawama serikalini peke yake. Sisi wenyeji nasi tuna sehemu yetu. Tulikuwa wepesi wa kuuza ardhi na wazito wa kuhudhuria mikutano. Tuliwaachia vijana wachache wa mashirika ya kutetea haki kazi ya kwenda kortini, tukawaita wachochezi, na hukumu ilipotoka tukapigania kuandikishwa. Wavuvi waligombana na wakulima, wa visiwani na wa bara, wa chama hiki na wa chama kile. Mwenye kutaka kuupita mji bila ya kuuliza hufurahi anapoukuta mji umegawanyika. Siku ya kuulizwa itakapofika, tuwe na jibu moja, au walau tuwe na maswali yale yale.

Mpwa wangu na yule mzee mvuvi si maadui, ingawa wako wanaotaka kuwafanya maadui. Nimewaona wakikutana msikitini siku ya Ijumaa, kijana akamwamkia mzee "Shikamoo, ami," na mzee akamwitikia na kumwuliza habari za kazi. Mmoja anataka bandari imwajiri, mwingine anataka bahari imlishe. Hakuna sababu ya lazima kwa mji mmoja kushindwa kuyapata yote mawili, mradi hesabu ifanywe mapema na wote wawili wakiwapo.

Mgeni amekwisha kuingia nyumbani, wala hatumfukuzi. Amekaa katika vyumba vitatu, naye ametuambia kwamba anahitaji vyumba 32. Kabla ya kumfungulia cha nne, ni haki ya mwenyeji kuuliza watoto wake watalala wapi. Swali hilo tuliliacha mwaka 2012, na wavuvi 4,600 wakalilipia. Tusiliache tena.